Cheti Kilichoacha Karatasi: Mitambo ya Kidijitali na Udhibiti wa Maradhi Mipakani mwa Afrika ya Mashariki

Katika mwezi wa Mei mwaka 2020 barabara iendayo Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ilijaa malori kwa makumi ya kilomita. Yalikuwa yamebeba shehena kutoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda, Sudani ya Kusini na mashariki ya Kongo, na madereva pamoja na utingo wao walipika na kulala kando ya barabara wakingoja majibu ya maabara. Shehena yenyewe haikukatazwa kupita, kwani ilikwisha kukubaliwa kwamba vyakula, mafuta na dawa havina budi kuendelea kusafiri. Kilichozuiliwa ni mwili wa mtu aliyeshika usukani. Uganda ilikuwa imeamuru kila dereva aingiaye apimwe virusi vya korona, na majibu yalichukua siku kadhaa. Tena dereva aliyekwisha kupimwa alikotoka hakuwa na njia ya kumthibitishia afisa wa upande wa pili kwamba karatasi aliyoishika ni ya kweli, ni yake, na haijapitwa na wakati.

Huko Namanga, katika mwezi huo huo, shida ilikuwa ya namna nyingine. Madereva waliotajwa upande wa Kenya kuwa wana virusi walipimwa tena upande wa Tanzania, na majibu yakawa kinyume. Mtu mmoja akawa mgonjwa mahali pamoja na mzima hatua chache mbele. Uganda nayo, katika mwezi huo huo, iliamua kutowahesabu katika jumla ya wagonjwa wake madereva wageni waliogunduliwa mpakani. Mambo haya matatu yaonyesha kwamba shida ya mpakani, kabla ya kuwa shida ya vipimo au ya mitambo, ilikuwa shida ya ushahidi: neno la nani juu ya mwili wa msafiri litakubaliwa na nani. Mitambo ya kidijitali iliyoletwa baadaye yafaa kupimwa kwa swali hilo.

Ushahidi wa namna hiyo una historia ndefu. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik, uliagiza watu watokao penye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia. Baadaye, huko Venice na kwingineko, siku zikawa 40, na kutokana na hesabu hiyo ya arobaini kwa Kitaliano likazaliwa neno ambalo Waswahili hulitamka karantini. Katika bara ya Afrika ya Mashariki neno hili lilizoewa na wafugaji kabla ya kuzoewa na wasafiri: ng'ombe ndio waliowekwa karantini, wasiuzwe wala kuswagwa kutoka wilaya moja kwenda nyingine. Basi lilipotumiwa juu ya watu mwaka 2020 lilikuwa bado na harufu ya zizi, na si ajabu kwamba wengi waliliona kuwa ni adhabu.

Karantini haitaki ushahidi. Humfunga kila mtu, mzima na mgonjwa, mpaka siku zitimie. Cheti kilibuniwa ili kumwokoa mzima. Neno lenyewe lilitoka Bara Hindi, na asili yake ni kipande cha karatasi chenye maneno machache. Mipakani mwa Afrika ya Mashariki cheti kijulikanacho zaidi ni kile cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho chenyewe pia ni cha manjano. Kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho chadumu maisha yote ya mwenyewe. Illa vile vilivyoandikwa zamani vingali vina tarehe ya kwisha baada ya miaka 10, na msafiri huweza kujikuta akimweleza kanuni afisa ambaye macho yake yako kwenye tarehe tu. Ndilo pungufu kubwa la karatasi, kubwa kuliko hata wepesi wake wa kughushiwa: haiwezi kurekebishwa na mtu aliye mbali. Lililoandikwa siku ya kwanza ndilo litakalosomwa siku ya mwisho, hata kama elimu imebadilika.

Wakuu wa nchi kadhaa za Jumuiya ya Afrika ya Mashariki walishauriana kwa njia ya video tarehe 12 Mei 2020, na miongoni mwa maagizo yao lilikuwamo la kutengeneza njia moja ya kutoa vyeti vya vipimo na kupashana majibu. Likatokea katika mwaka huo huo jambo lililoitwa Mfumo wa Kikanda wa Kielektroniki wa Kufuatilia Mizigo na Madereva. Utendaji wake, ukivuliwa jina hilo refu, si mgumu kueleweka. Dereva alipimwa kabla ya safari katika maabara iliyoidhinishwa na serikali yake. Maabara yenyewe, wala si dereva, iliyaingiza majibu katika mfumo, na cheti kilitoka humo kikiwa tayari kutambuliwa na nchi nyingine. Cheti hicho kilidumu siku 14. Dereva alichukua programu ndani ya simu yake ya mkononi, na simu ilijua mahali ilipo kwa ishara za setilaiti. Basi ikiwa alionekana baadaye kuwa ameambukizwa, maafisa wa afya waliweza kutazama alipopita na aliposimama, wakawatafuta watu aliokutana nao. Afisa wa mpakani hakuulizwa tena kama anaiamini karatasi. Yeye aliuliza ghala ya habari ambamo maabara iliandika kwa mkono wake yenyewe.

Msomaji ataona kwamba katika mpango huu mtambo haupimi chochote. Hupeleka habari tu, na habari hiyo lazima iwe imepatikana kwanza. Kwa sababu hiyo jambo ambalo halikusifiwa sana, yaani kugawiwa kwa maabara tisa za kuhamishika katika nchi sita za Jumuiya mwaka 2020, lilikuwa na maana kuliko programu yoyote. Kenya, Uganda na Tanzania zilipata mbili mbili. Burundi, Rwanda na Sudani ya Kusini moja moja. Penye maabara iliyo mbali, simu hupeleka upesi jambo ambalo bado halijajulikana.

Jina la mfumo lataja mizigo kwanza na madereva baadaye, wala si kwa bahati. Tangu mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwa na mfumo wa pamoja wa kufuatilia shehena kwa lakiri za kielektroniki, ili bidhaa zipitazo kwenda nchi nyingine zisiuzwe njiani bila kulipiwa ushuru. Lakiri ikifungwa kwenye kontena hutoa habari zake njia nzima, na ikifunguliwa pasipostahili maafisa wa forodha hujua. Mwaka 2020 wazo hilo hilo alivikwa dereva. Lakini lakiri haina jamaa, haioni haya, wala haina usiku wa kuficha. Madereva wa masafa marefu wana kumbukumbu ya jambo hili. Ukimwi ulipoenea katika njia kuu za Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1980, baada ya wagonjwa wa kwanza wa Tanzania kujulikana mkoani Kagera mwaka 1983, madereva walitazamwa kana kwamba wao ndio ugonjwa wenyewe. Mtu ajuaye kwamba simu yake yaandika kila aliposimama ana sababu ya kuizima, na simu iliyozimwa haifuatilii mtu. Hata kitenzi kufuatilia, katika masikio ya wengi, ni kazi ya polisi kabla ya kuwa kazi ya tabibu.

Sheria zilichelewa kulijibu jambo hili, ingawa si mahali pote. Kenya na Uganda zilikwisha kuwa na sheria za kulinda taarifa za mtu binafsi tangu mwaka 2019. Rwanda ilipata yake mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Maana yake ni kwamba mfumo ulipoanza, mwendo wa dereva mmoja katika safari moja ulilindwa na sheria katika sehemu fulani ya barabara, na katika sehemu nyingine haukulindwa.

Kufuata njia ya maradhi kwa kuwauliza wasafiri si jambo lililozaliwa na setilaiti. Tabibu James Christie, aliyefanya kazi Unguja wakati kipindupindu kilipoua watu wengi sana huko mwaka 1869 na 1870, alitoa London mwaka 1876 kitabu kizima juu ya maradhi hayo katika Afrika ya Mashariki. Alitaka kujua yalitoka wapi, na kwa kukusanya habari za wafanya biashara na wenyeji alionyesha kwamba safari hiyo hayakuja kwa jahazi kama ilivyodhaniwa, bali yalishuka kwa njia ya bara, yakapita nchi ya Wamasai, yakafika Pangani, kisha yakavuka bahari. Kazi ile ilichukua miaka, na programu ya leo ingeweza kuifanya kwa siku moja. Walakini kuna tofauti moja isiyomnufaisha mwenye programu: habari za Christie zilitolewa na watu waliozungumza kwa hiari, nao walijua kueleza si njia tu bali na sababu ya kuishika njia ile. Simu yasema dereva alisimama saa sita mahali fulani. Haisemi kama alilala, alitengeneza gurudumu, au alikula na watu kumi.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Wataalamu wa mitambo hudhani kwamba kazi ya lugha katika mfumo kama huu ni kutafsiri maneno ya kwenye kioo cha simu, jambo ambalo laweza kufanywa mwishoni. Kwa kweli maneno yenyewe huamua kama mtambo na mtu vinazungumza habari moja. Mfano mzuri ni kitenzi kupima. Dereva afikapo kituo cha mizani, lori lake hupimwa. Afikapo mpakani, afisa humwelekezea kipimajoto kwenye paji la uso, naye amepimwa. Akichukuliwa ute wa pua kwa kijiti, amepimwa pia. Kiswahili kimeridhika na kitenzi kimoja kwa mambo matatu, na katika maisha ya kawaida hapana hasara. Lakini dereva akiulizwa, “Umepimwa?” naye akajibu, “Nimepimwa,” huenda wote wawili wamesema kweli na bado hawakuelewana: mmoja anauliza habari ya maabara, mwingine ajibu habari ya joto. Hitilafu hiyo si ndogo, maana joto la mwili laweza kuwa la kawaida kabisa kwa mtu aliyekwisha kuambukizwa. Mtu mwenye virusi vya Ebola huweza kukaa siku 2 hadi 21 kabla ya dalili kuonekana, na wengi walioambukizwa korona hawakupata homa kabisa.

Afadhali hapo kuliko penye majibu yenyewe. Chanya na hasi ni maneno yaliyokaa vema katika hesabu na sayansi, na waliyoyachagua hawakukosea. Walakini katika magazeti na hotuba neno chanya limekwisha kupata maana ya jambo jema: mtazamo chanya, mabadiliko chanya. Mtu aliyezoea maneno hayo akisoma katika simu yake kwamba majibu yake ni chanya, ana haki ya kufurahi. Wauguzi wengi hulikwepa neno hilo wakimwambia mtu kwamba ana maambukizi au hana, na wao ndio waliopata. Maneno virusi vimeonekana na virusi havikuonekana yangefaa zaidi katika cheti. Ni marefu kidogo, lakini yana sifa nyingine ambayo wanasayansi wataipenda: hayasemi kwamba virusi havimo, yasema tu kwamba maabara haikuviona siku ile.

Istilahi nyingine zilipata bahati zaidi. Barakoa, lililojulikana na wachache kabla ya 2020, lilienea kwa miezi michache. Tanzania ilifupisha maneno ugonjwa wa virusi vya korona yakawa UVIKO-19, na wengine wakabaki na korona tu. Mtu wa upande wowote wa mpaka aliyaelewa yote mawili. Hali si hiyo katika maneno ya mitambo. Kile ambacho vitabu vya Kenya hukiita tarakilishi, Tanzania hukiita kompyuta. Neno la siri la huku ni nywila ya kule, na wenye simu wengi husema pasiwedi. Mfumo mmoja utumikao katika nchi nyingi hauna budi kuchagua, na kila uchaguzi humwacha mtu fulani mlangoni.

Majina ya watu ni habari ya peke yake. Fomu za mitambo hutaka jina la kwanza na jina la ukoo. Mtanzania wa kawaida hufuatisha jina lake, la baba na la babu, na hakuna kati ya hayo lililo jina la ukoo kwa maana ya fomu. Leo aweza kuandika la babu mahali hapo, kesho la baba. Mnyarwanda na Mrundi huweza kuwa na jina ambalo halifanani kabisa na la baba yake wala la ndugu yake. Tena jina moja la Kiarabu lina sura tatu au nne: Mohamedi, Mohamed, Muhammad, Mohammed. Jicho la binadamu lasamehe. Mtambo huona watu wanne. Kwa hiyo ni heri kulinganisha nambari ya pasi au ya kitambulisho kuliko majina, na pale nambari zinapokosewa kwa tarakimu moja mtu mzima huonekana kuwa hana cheti.

Kuhesabu muda nako kwataka uangalifu. Mtambo huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane, lakini Mswahili huanza saa za mchana alfajiri na za usiku magharibi, na siku yake mpya kwa desturi huingia jua likichwa, hata usiku wa kuamkia Ijumaa ukaitwa usiku wa Ijumaa. Dereva aambiwaye kwamba cheti chake chakwisha saa 2:00 usiku wa Ijumaa anaweza kufika siku nzima nje ya wakati, asijue kosa lake ni nini.

Haya yote yangeweza kurekebishwa bila gharama kubwa. Lisilorekebishwa kwa programu ni kuaminiana kwa serikali, na jambo hilo lilithibitika Januari 2022. Mfumo ulikuwapo, vyeti vilikuwapo, na bado Uganda iliagiza madereva wapimwe mpakani kwa kulipa dola 30 za Marekani. Madereva walikataa kulipa, malori yakajipanga tena Malaba na Busia kama yalivyojipanga mwaka 2020, na katika siku chache petroli ikawa adimu huko Uganda na bei yake ikapanda sana. Agizo hilo liliondolewa katika mwezi huo huo baada ya mashauriano ya Jumuiya. Hapana kipande cha mtambo kilichoharibika siku zile. Kilichovunjika ni ahadi kwamba neno la maabara ya jirani litapokelewa.

Na hata penye ahadi hiyo, mtambo huona tu wapitao mbele yake. Mwezi wa Juni 2019, wakati Ebola ilipokuwa ikiua mashariki ya Kongo, jamaa moja ya Wakongo ilivuka na kuingia wilaya ya Kasese katika Uganda pamoja na mtoto wa miaka 5 aliyekuwa mgonjwa. Maradhi yakathibitishwa hospitalini, na mtoto akafa, na bibi yake pia. Mpaka huo wa Kongo na Uganda una vituo vyenye vipimajoto na maji ya kunawia, lakini una pia njia za panya zisizohesabika, na pande zote mbili wakaa watu wa lugha moja na ukoo mmoja, ambao kwao kuvuka kwenda kumwona tabibu au kuzika ndugu si safari ya nchi za nje. Katika vijiji vya namna hiyo, neno lililotangazwa kwa Kiswahili cha Kongo na kwa lugha za wenyeji, likatamkwa na mtu anayejulikana, hufika mahali ambapo kamera ya joto haitafika.

Kinyume chake nacho chafaa kusemwa. Mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini Kenya alitangazwa tarehe 31 Julai 2024, naye aligunduliwa katika kituo cha pamoja cha mpakani, kaunti ya Taita Taveta, akiwa msafiri aliyetoka Uganda kwenda Rwanda kwa kupitia Kenya. Maradhi haya huonekana kwa vipele vya ngozi, na vipele havisomwi katika simu. Afya ya watu wengi ilitegemea siku ile afisa aliyemtazama msafiri, na maabara iliyoweza kumjibu.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura ya UVIKO-19 tarehe 5 Mei 2023. Lakini cheti kilichoacha karatasi hakikurudi kwenye karatasi. Katika mwaka 2024 nchi wanachama wa Shirika hilo zilikubaliana juu ya marekebisho ya Kanuni za Afya za Kimataifa, nayo yakaanza kutumika Septemba 2025. Kwa marekebisho hayo hati za afya za wasafiri zaweza kutolewa kwa karatasi au kwa njia ya kidijitali. Kwa nchi zinazotumia Kiswahili mipakani pande zote mbili, Namanga na Horohoro, Sirari na Taveta, kazi iliyobaki ni ya wenye lugha na wenye maabara kukaa meza moja kabla ya maneno ya vyeti hivyo kuandikwa, wakianza na lile la kupima.